Lini Tupande? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Misimu na Bustani za Nyumbani Unguja na Pemba

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wale wanaolima nyuma ya nyumba, pembezoni mwa kiambo au katika kipande kidogo cha shamba la urithi, ili wapate mboga ya mchuzi na matunda ya watoto, iwe Fuoni au Bumbwisudi kwa upande wa Unguja, au Wete, Konde na Kengeja kwa upande wa Pemba. Mkulima wa aina hii aghalabu hana mtambo wa kumwagilia wala ekari za kubahatisha. Ana matuta machache, pakiti moja ya mbegu na mvua ya Mungu, na kwa hiyo akikosea wakati amekosa msimu mzima.

Ndugu yangu aliyeko Uingereza hatoi mche wa tungule (nyanya) nje mpaka jalidi ya mwisho ipite. Je, na sisi tunayo jalidi ya kuihofia?

Hatunayo, lakini inafaa kuielewa, kwa sababu sehemu kubwa ya maelekezo ya bustani tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi zenye jalidi. Jalidi hutokea usiku usio na mawingu wala upepo, pale ardhi na majani yanapopoteza joto lake kuelekea angani hadi uso wa jani ukafika nyuzi joto sifuri au chini yake. Maji yaliyomo ndani ya jani huganda, chembe hai zake huharibika, na jua linapotoka jani hulegea na kuwa jeusi. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo hutiririka na kutuama mabondeni, na bustani iliyo kwenye mteremko huweza kusalimika huku ya bondeni ikiteketea usiku uleule. Katika sehemu nyingi za Uingereza jalidi ya mwisho ya majira ya kuchipua huweza kuja hata mwezi wa Mei, na ndiyo maana ndugu yako husubiri mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, au hufunika miche yake kwa kitambaa chepesi kila jioni.

Huko bara, wakulima wa Njombe, Makete na uwanda wa juu wa Kitulo wanaijua jalidi vizuri, nayo huwafikia kati ya Juni na Agosti. Visiwa vyetu viko karibu na usawa wa bahari, nyuzi 5 hadi 6 na nusu tu kusini ya Ikweta, na vimezungukwa na bahari isiyopoa. Usiku wa Kipupwe hushuka hadi nyuzi joto 20 au 22 hivi, na hapo ndipo watu hutafuta shuka.

Kinachoamua uhai wa mche huku kwetu ni maji: yanapochelewa, yanapokatika na yanapozidi. Jambo ninalolisisitiza katika majibu yote yanayofuata ni kwamba mkulima wa visiwani ahesabu kuanzia ua, asihesabu kuanzia mbegu. Mbegu huota karibu wakati wowote wa mwaka ikipata unyevu, na kwa hiyo kuota kwake hakutuambii kitu. Ajiulize mmea huu utachanua na kushika matunda katika hali gani ya hewa, kisha arudi nyuma kwa siku hadi aipate tarehe ya kusia.

Misimu yetu ni ipi, na kwa nini mvua huja mara mbili?

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na mvua zake kubwa zaidi aghalabu huwa Aprili na Mei. Baada yake huja Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, chenye ubaridi wa wastani na upepo wa Kusi, pamoja na manyunyu ya hapa na pale ambayo wazee huyaita mvua za Mchoo. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Disemba, kisha Kiangazi hushika Januari na Februari, upepo wa Kaskazi ukivuma na jua likiwa kali kuliko wakati mwingine wowote.

Mvua huja mara mbili kwa sababu ukanda wa mawingu ulio karibu na Ikweta hulifuata jua linapohama kati ya kusi na kaskazi ya dunia. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na ukanda ule wa mvua hufuata nyuma yake. Kwa mwaka mzima Unguja hupata takriban milimita 1,600 na Pemba takriban milimita 1,900, lakini wastani huu haumsaidii sana mtu mmoja mmoja, kwani Micheweni si sawa na Chake Chake, wala Makunduchi si sawa na Kizimbani.

Mvua imenyesha siku mbili mfululizo mwanzoni mwa Machi. Nipande?

Usipande bado, isipokuwa una kisima na nguvu ya kuchota. Mvua za kwanza za Machi huwa ni za kudanganya: hunyesha kwa kishindo, mbegu zikaota, kisha likaja jua la siku kumi au zaidi na kuvikausha vimea vikiwa na majani mawili. Mbegu iliyobaki kwenye pakiti ingeweza kusubiri, lakini iliyokwisha kuota haiwezi kurudi nyuma. Ninaona watu wengi wakipoteza mbegu kwa njia hii kuliko kwa wadudu.

Pima kwa mambo mawili. La kwanza ni kopo. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, lisiwe la kupanuka juu, liweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, na kila asubuhi pima kina cha maji kwa rula. Kila milimita moja ndani ya kopo ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba ya bustani, hivyo sentimita mbili ni lita 20 kwa mita ya mraba, na hicho ndicho kiasi cha kuanza kukifikiria. La pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi, ni udongo wenyewe. Chimba kishimo kwa jembe hadi kimo cha shubiri, chukua udongo wa chini kabisa na uufinye kwenye kiganja. Ukishikana na kubaki donge unapofungua vidole, unyevu umefika. Ukimwagika kama unga, mvua imelowesha uso tu, hata kama njia yote ina madimbwi. Kwenye udongo wa kichanga donge halitashikana vizuri hata likiwa na maji, kwa hiyo hapo tazama rangi na ubaridi wake mkononi.

Yakitimia yote mawili, na mvua ikarudi tena ndani ya juma moja, hapo pandeni. Anayehofia kuchelewa agawe mbegu zake mafungu mawili na apande fungu la pili siku kumi baada ya la kwanza.

Wazee wetu huhesabu miongo tangu Siku ya Mwaka. Hesabu hiyo bado inafaa?

Inafaa, na inasikitisha kwamba vijana wengi wanaijua sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi lakini hawaijui kazi ambayo hesabu yake iliwafanyia wakulima na wavuvi. Mwaka wa Nairuzi, ule unaofunguliwa na Siku ya Mwaka, huanza Julai na una siku 365, zinazogawiwa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zikabaki. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi na kurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, haiwezi kumwambia mkulima lini Masika yataingia. Hesabu ya jua ndiyo iliyoweza. Mtu aliyehesabu tangu Nairuzi alijua kwamba siku ya mia huangukia mwishoni mwa Oktoba, Vuli ikiwa mlangoni au imekwisha kuingia, na kwamba baada ya siku ya 230 na kidogo shamba liwe limekwisha kusafishwa kwa ajili ya Masika.

Kuna tahadhari moja. Mwaka wa siku 365 usioongezewa siku katika mwaka mrefu husogea siku moja kila baada ya miaka minne, maana yake siku 24 au 25 katika karne moja. Kwa hiyo maneno aliyoyasema babu wa babu yako kuhusu mwongo fulani huenda leo yanaangukia wiki tatu kabla ya wakati alioukusudia. Ichukue hesabu ya miongo kama ratiba ya matayarisho, yaani kufyeka, kukatua, kukusanya samadi na kuchimba mashimo, na tarehe yenyewe ya kupanda uiachie kopo na udongo.

Tungule zangu hustawi mwezi wa Aprili kisha hunyauka ghafla zikiwa bado za kijani. Tatizo ni mbolea?

Kwa dalili hiyo, la kushuku kwanza ni mnyauko wa bakteria, na mbolea haitausaidia mmea huo. Bakteria hawa huishi udongoni, hupenda joto pamoja na maji mengi, na huingia kupitia mizizi, hasa iliyojeruhiwa kwa jembe la kupalilia. Huziba mishipa ya kupandisha maji, kwa hiyo mmea hulegea mchana huku majani yakiwa hayajageuka rangi, jioni ukajaribu kuinuka, na baada ya siku chache ukaanguka moja kwa moja.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila gharama. Kata shina karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, na ukining'inize kwenye gilasi ya maji safi, ncha moja ikiwa ndani ya maji, bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, kama ni mnyauko wa bakteria, utaona uzi mweupe wa rangi ya maziwa ukishuka taratibu kutoka kwenye mkato. Usipouona, tafuta sababu nyingine, kama vile kuvu wa mizizi, minyoo fundo au maji yaliyotuama. Miche iliyoathirika ing'olewe pamoja na mizizi yake, ichomwe moto, na sehemu hiyo isipandwe tungule, biringanya, pilipili wala mbatata kwa misimu kadhaa, kwa sababu zote ni za ukoo mmoja na huugua ugonjwa huo. Mahindi, mchicha au kunde vinaweza kufuata hapo.

Dawa kubwa, hata hivyo, ni wakati. Ua la tungule hushika vizuri usiku unapokuwa na ubaridi kidogo. Mchana ukizidi nyuzi joto 32 na usiku ukawa wa joto pia, chavua hudhoofika na maua huanguka. Mvua kubwa nayo hupiga maua na kueneza madoa ya majani. Tukihesabu kuanzia ua, tunataka tungule zetu zichanue mwisho wa Juni na mwezi wa Julai. Kutoka kupandikizwa hadi maua ya kwanza ni kama wiki nne, na kitaluni mche hukaa wiki nne nyingine. Kwa hiyo sia mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, mvua ikiwa bado kubwa, lakini sia chini ya kichanja kilichoezekwa plastiki au makuti yaliyoshonana vizuri, juu ya kitalu kilichoinuliwa. Hapo kitaluni jihadhari na kinyausi, ugonjwa unaokata shina la mche usawa wa ardhi: sia kwa nafasi, usimwagilie jioni, na acha hewa ipite. Pandikiza mwishoni mwa Mei au mapema Juni, ukutane na mvua za mwisho za Masika ili miche ishike, na utavuna Agosti na Septemba kabla Vuli haijaingia.

Najua kwamba tungule za Masika ndizo zinazouzwa bei kubwa Darajani na Mwanakwerekwe. Zinapanda bei kwa sababu ni ngumu kuzalisha, na anayezifuata bila paa la plastiki na matuta ya juu anacheza kamari na chakula cha nyumba yake.

Pakiti ya mbegu imeandikwa ipandwe Machi hadi Mei. Nifuate?

Kama mbegu imetoka Ulaya, tarehe hiyo inahusu mwisho wa jalidi yao na haina maana kwetu. Soma badala yake idadi ya siku hadi mavuno, na kama imeandikwa kwamba aina hiyo huvumilia joto. Kuwa mwangalifu hasa na vitunguu maji. Aina nyingi za kaskazi ya dunia huhitaji mchana wa saa 14 au zaidi ndipo zitengeneze kichwa, na mchana wetu hubaki karibu na saa 12 mwaka mzima. Utapata majani mazuri marefu na chini yake hakuna kitunguu. Tafuta aina za mchana mfupi zinazolimwa hapa Tanzania, na upange zikomae wakati wa ukavu.

Mbegu iliyobaki iwekwe kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana, mahali pa kivuli. Unyevu wa hewa ya visiwani huiua mbegu upesi.

Ni mboga zipi zinazovumilia karibu msimu wowote?

Mchicha ndio rafiki wa mwenye bustani ndogo, kwa kuwa hung'olewa baada ya wiki tatu au nne na hivyo hauna muda wa kukutana na msimu mbaya. Wakati wa Masika upandwe kwenye tuta lililoinuka, na Kiangazi umwagiliwe. Bamia huanza kuchumwa baada ya siku 50 hadi 60, hupenda joto, na huumia kwa maji ya kutuama tu. Kisamvu na matembele huendelea mwaka mzima kwa aliye na mihogo na viazi vitamu. Biringanya na pilipili za kienyeji zikishashika mizizi hustahimili mengi, ingawa pilipili boga ni laini zaidi na itendewe kama tungule. Matango, maboga na matikiti yanachukia mvua ya mfululizo, ambayo huwazuia nyuki na kuozesha vitoto vya matunda. Nayo yahesabiwe kuanzia ua.

Na Kipupwe kinafaa kwa nini zaidi?

Kinafaa kwa zile mboga ambazo kwa kawaida tunaziona za bara: kabichi za aina inayovumilia joto, karoti, saladi na figili. Ziwe na kivuli cha mchana, na maji yasikatike.

Miti ya matunda nayo ipandwe lini?

Mwembe, mndimu, mchungwa, mstafeli, mshokishoki na mfenesi hupandwa vyema mwanzoni mwa Masika, mvua zikishathibitika, ili mche upate miezi mitatu ya kueneza mizizi kabla ya ukavu. Vuli nayo yafaa, hasa Pemba, lakini mche wa Vuli una wiki chache tu kabla ya Kiangazi na utahitaji ndoo yako Januari na Februari. Shimo lichimbwe mwezi mmoja kabla, upana na kina cha sentimita 60, udongo wa juu utengwe na ule wa chini, kisha udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na urudishwe kwanza. Usitie samadi mbichi, kwani huunguza mizizi na kuita mchwa. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, upandwe pale kwenye kiungo pakiwa juu ya ardhi, na usiwe chini ya mita nane au kumi kutoka mwembe mwingine, hata kama leo nafasi inaonekana kubwa mno.

Mpapai unahitaji maneno yake peke yake. Mizizi yake haivumilii kukosa hewa, na maji yakituama siku mbili tu huweza kuuua mti uliokwisha kubeba matunda. Upande juu ya kichuguu cha udongo kinachofika magotini, usiupande shimoni. Kwa mbegu za kawaida huwezi kuujua dume na jike mpaka uchanue. Kwa hiyo panda miche mitatu kila kichuguu, subiri maua, kisha bakiza jike mmoja, na katika bustani nzima acha dume mmoja au wawili wa kutoa chavua.

Mgomba hukubali wakati wowote kukiwa na unyevu, na makumbi ya nazi yakipangwa shinani mwake yanashika maji kwa muda mrefu kiangazi.

Mwembe wangu huchanua sana lakini hauzai. Je, ni mvua?

Mara nyingi mvua ni sehemu ya jibu. Mwembe huchochewa kuchanua na ubaridi na ukavu wa Kipupwe, nao hutaka ukavu huo uendelee mpaka vitoto vya embe vishike. Mchoo ukizidi, au Vuli ikiwahi, unyevu huleta chule, ugonjwa wa kuvu unaoyageuza maua na vitoto kuwa vyeusi, ilhali ubwiri unga, ule unaoonekana mweupe juu ya kikonyo, hustawi hata pasipo mvua, hewa ikiwa na unyevu na usiku ukiwa na ubaridi. Hatuwezi kuizuia mvua, lakini tunaweza kupogoa baada ya mavuno ili jua na upepo viingie kati ya matawi, na kuokota majani na matawi makavu ambamo kuvu hujificha. Ikumbukwe pia kwamba hata mwembe wenye afya hubakiza matunda machache mno kulinganisha na maua yake.

Embe zikiwa zimeshika lakini zina mabuu, huyo ni inzi wa matunda. Kila embe iliyoanguka iokotwe siku hiyohiyo na ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uachwe juani siku kadhaa, au izikwe kina kisichopungua nusu mita. Jirani naye afanye hivyo, kwa kuwa inzi hana mpaka wa kiambo.

Sisi tuko kwenye maweni, upande wa Paje na Jambiani. Ushauri huu unatuhusu?

Unawahusu kwa sehemu. Udongo wa maweni umo kwenye vishimo kati ya mawe ya matumbawe, ni mchache lakini una rutuba, na maji hupita haraka. Kwa hiyo hamna hofu kubwa ya kutuama kwa maji hata Masika yakipamba moto, na mnaweza kupanda tungule, pilipili, choroko na matikiti wakati ambapo mtu wa kinamo, yaani udongo mzito unaoshika maji, angepoteza kila kitu. Upande wa pili wa faida hiyo ni kwamba siku tano bila mvua kwenu ni nyingi. Jazeni kila kishimo mboji na funikeni kwa matandazo ya majani makavu.

Kuna mambo mengine mawili ya pwani ya mashariki. Kusi hubeba chumvi ya bahari na kuunguza kingo za majani, hivyo wekeni uzio wa makuti upande wa upepo kabla ya Juni. Maji ya visima vilivyo karibu na ufuo huzidi chumvi wakati wa Kiangazi. Yaonjeni kabla ya kumwagilia, na maharage na karoti msizipe kabisa maji yenye ladha ya chumvi.

Na aliye bondeni, kwenye kinamo?

Apande juu ya matuta yenye kimo cha magoti, achimbe mifereji kabla ya Machi na wala asingoje mafuriko ya kwanza, na sehemu ya chini kabisa aiachie majimbi na mpunga.

Kiangazi kikianza, mboga zinahitaji maji kiasi gani?

Kwa jua la Januari na Februari, bustani ya mboga hupoteza takriban milimita tano za maji kwa siku, yaani lita tano kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita moja kwa mita tatu litataka lita 15, takriban ndoo moja kubwa isiyojaa. Matandazo mazito hupunguza hitaji hilo, na kivuli cha makuti yaliyotandazwa kwa nafasi hulipunguza zaidi. Mwagilia alfajiri, mwagia shinani, na ni bora kulowesha sana kila baada ya siku mbili kwa mimea mikubwa kuliko kunyunyiza uso kila siku, kwa sababu mizizi hufuata maji yanakokwenda.

Je, ninaweza kupanda mtufaha?

Utaota, lakini usitarajie matufaha. Aina nyingi za mtufaha huhitaji mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 7 ili machipukizi yaamke, na sisi hatuna hata saa moja ya baridi hiyo. Mbatata nazo hukataa kutengeneza viazi udongo ukiwa wa moto, ndiyo maana huvukishwa kutoka bara. Nafasi hiyo mpe mshelisheli.

Utabiri wa msimu nauchukuaje?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa Masika kabla ya Machi na wa Vuli mwishoni mwa Agosti, ikieleza kwa kila eneo kama mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, pamoja na wiki zinazotarajiwa kuanza. Hizo ni uwezekano, na zisomwe hivyo. Kwa Vuli utabiri una nguvu zaidi, kwa kuwa mvua zake zinafungamana na hali ya bahari: maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko ya mashariki, au El Niño ikijitokeza, Vuli huzidi, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023; hali ikigeuka, Vuli hupungua. Mwaka wa kuzidi inua matuta na uahirishe matikiti. Ukihitaji mtu wa kuuliza kuhusu aina za mbegu, bwana shamba au bibi shamba wa wilaya yako ndiye wa kwanza, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani ndicho kinachofuata.

Vuli ikikatika baada ya kupanda, nifanye nini?

Kwanza usiyakatie tamaa mazao yote kwa pamoja. Muhogo uliokwisha kutoa majani utasimama ukangoja mvua, na aliyepanda aina zilizotolewa Kizimbani mwaka 2007, ambazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, ana nafuu pia dhidi ya magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi kahawia. Maji uliyonayo yapeleke kwa miti michanga ya matunda kabla ya mboga, kwa kuwa mchicha utausia tena mwezi ujao lakini mche wa mshokishoki umekugharimu miaka. Mahindi yaliyokauka kabla ya kutoa mbelewele yang'oe uyafanye matandazo. Na ikitokea mvua ikarudi mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Disemba, usirudie mahindi. Panda kunde za muda mfupi, zinazokomaa kwa siku 60 hadi 75, ambazo majani yake utayachuma kwa mboga hata kabla hazijazaa.